Awamu ya Majaribio

Harufu ya kitu kipya cha plastiki kinapotolewa kwenye boksi inanitia kichefuchefu. Wenzangu ofisini wanaipenda. Siku vishikwambi vya kuandikia kahawa ya wakulima vilipoletwa kwenye chama chetu cha msingi, mhasibu alikiweka kimoja puani akafumba macho kabisa, utadhani ananusa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na mizani. Kijana aliyevileta, mtaalamu wa mifumo, akanifuata kuuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni harufu tu. Sikumwambia kwamba harufu hiyo nilikutana nayo mara ya kwanza nikiwa darasa la sita, hapa hapa Maguu, na kwamba ilikuja na watu wa chuo kikuu na kuondoka na dada yangu Imelda.

Imelda ni binti wa baba mkubwa, na kwetu huyo ni dada, mambo ya binamu hatuna. Nyumba yao na yetu zinatazamana, katikati ni uwanja wa kuanikia kahawa. Yeye alikuwa darasa la saba. Alikuwa mtoto wa maswali. Aliwahi kumuuliza katekista kama Mungu anasikia Kimatengo vizuri au anatafsiriwa, na aliwahi kumuuliza baba yake kwa nini kahawa tunaipalilia sisi halafu nyumbani tunakunywa chai ya rangi. Baba mkubwa hakumkemea. Alicheka, kisha akaenda kuwasimulia wenzake kilabuni kwamba huyu binti atasoma mpaka vitabu vimkimbie. Mwenyewe aliishia darasa la nne, na mtu mwenye elimu alimwogopa kwa heshima ile ile aliyomwogopea padre akiwa altareni.

Basi siku moja mwalimu mkuu, mtu wa Singida aliyevaa koti zito hata mchana wa jua, alitutangazia mstarini kwamba Jumatatu tutapata ugeni: Daktari kutoka chuo kikuu, pamoja na wanafunzi wake. Habari ikafika nyumbani kabla yetu. Jumatatu gari lilipoingia, akina mama walikuwa wamejipanga kando ya ukuta wa darasa la kwanza, watoto mgongoni, kadi za kliniki mkononi, na bibi mmoja alikwishapandisha gauni hadi gotini ili kidonda chake kionekane bila usumbufu. Akashuka mwanamume mwembamba mwenye miwani. Alipoelezwa ile foleni ni ya nini, aliona aibu hadi tukamwonea huruma.

"Shikamooni mama zangu. Naomba mnisamehe sana. Mimi ni daktari wa kompyuta."

Bibi yule akauliza, "Kwani nazo zinaumwa?" na akashusha gauni lake.

Tulicheka siku nzima. Nikikumbuka sasa najiambia tungeacha kucheka tukafikiri kidogo, maana pale pale mlangoni tulikuwa tumeonyeshwa jinsi neno linavyotoka mdomoni mwa msomi likiwa kitu kimoja na kutua masikioni mwetu likiwa kitu kingine. Lakini watoto hawafikiri hivyo, na hata watu wazima wa siku ile hawakufikiri. Akina mama walirudi mashambani, sisi wa la sita na wa la saba tukaingizwa darasa moja.

Ndipo Daktari akasimama mbele na kusema lile neno. Alisema kwa upole, kwa Kiswahili kizuri cha vitabuni: "Hapa kwenu tupo kwenye awamu ya majaribio. Majaribio yakienda vizuri, tutawafikia wenzenu wa Mbuji, wa Mbamba Bay, na mkoa mzima."

Awamu hatukuijua ni nini. Majaribio tuliyajua vizuri sana. Mwalimu wa hesabu alitupa jaribio kila Ijumaa, na aliyefeli alikwenda kung'oa visiki nyuma ya bwalo. Kwa hiyo tukaelewa, darasa zima, bila mtu kumuuliza mwenzake: watu wa chuo kikuu wamekuja kutupima. Tukifaulu, kompyuta zinabaki. Tukifeli, zinaondoka. Hakuna aliyetuambia hivyo, na hakuna aliyetuambia sivyo. Walimu wetu walijua maana yake nyingine, lakini nani angewaza kwamba watoto hawaijui?

Kisha yakafunguliwa maboksi, na harufu ile ikajaa darasani. Ilifunika harufu ya moshi kwenye sweta zetu na ya maganda ya kahawa mikononi, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kuchuma. Nilidhani ndiyo harufu ya Dar es Salaam. Nilivuta pumzi hadi kichwa kikaniuma.

Aliyetufundisha zaidi ni mwanafunzi mmoja wa chuo, Dada Rehema, msichana wa hijabu aliyetetemeka kwa baridi yetu hadi mama yangu akampelekea blanketi. Alituonyesha kobe mdogo ndani ya kioo cha kompyuta. Unamwandikia amri, naye anatembea akiacha mstari nyuma yake. Kila kitu walikuwa wamekiandika kwa Kiswahili ili tusiogope: mbele, geuka kulia, rudia. "Kobe hana akili," Dada Rehema alitwambia. "Hafanyi unachotaka, anafanya unachomwambia." Sisi wengine tulimwambia kobe mambo ya ajabu, akatokomea pembeni ya kioo, hatukumwona tena.

Imelda alimfanya kobe alime ngolo. Kwa asiyekujua kwetu, ngolo ni mashimo tunayochimba milimani ili mvua isichukue udongo. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, inatokea miraba, halafu wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo unaotoka humo. Mlima mzima unabaki na miraba. Imelda aliona kwamba huna haja ya kumwamuru kobe kila mraba. Unamwambia mmoja, kisha rudia, shuka, rudia. Dada Rehema alipoona kioo kimejaa shamba letu la mlimani alishika mdomo, akamwita Daktari. Daktari akainama, akatazama kwa muda, akasema, "Huyu nitampakia kwenye gari niondoke naye." Ulikuwa utani wa mtu aliyefurahi. Jioni ile Imelda alimweleza baba yake, na baba mkubwa akauliza tu kama atahitaji sanduku.

Kuanzia hapo tulijiandaa kwa majaribio kwa namna tulivyojua, yaani kukariri. Imelda alichora vitufe vyote vya kompyuta kwa mkaa kwenye uwanja wa kahawa, kila herufi mahali pake, akatusimamisha mbele yake kama kwenye litania. Yeye aliita herufi, sisi tukaitikia ile inayofuata. Bibi zetu walipita wakidhani tunasali. Kuku walipofuta mchoro kwa kuchakura, alichora upya. Aliponiona nimechoka alinivuta sikio: "Wewe lala, halafu kompyuta ziende Mbuji." Hakika sijawahi kuona mtu anayetaka kitu kama Imelda alivyotaka zile mashine zibaki.

Siku ya kufunga mafunzo walialikwa wazazi, mtendaji wa kata na padre. Walitundika shuka jeupe ukutani, na yaliyo kwenye kompyuta yakaonekana pale makubwa. Imelda aliitwa mbele aonyeshe. Alikuwa amepakwa mafuta hadi magoti yanang'aa. Baba mkubwa alikaa safu ya kwanza, kofia mapajani, na alikuwa amevaa koti lake la harusi. Imelda akaandika amri zake, bila kuangalia vitufe, watu wakanong'ona. Akabonyeza.

Kobe hakutembea. Kwenye shuka yakatokea maandishi mekundu, kila herufi ukubwa wa mkate: KOSA KATIKA MSTARI WA TATU.

Dada Rehema alikuwa ametuzoesha kusoma kwa sauti kila kinachotokea. Imelda akasoma, kwa sauti ile ile ya kuongoza litania. Alipomaliza akajipiga kifua kwa ngumi, taratibu, kama tunavyofanya kanisani tukiungama mwanzoni mwa misa. Sidhani alijua kwamba amejipiga. Watu wengine walicheka kidogo. Baba mkubwa hakucheka, aligeuza kofia yake juu chini.

"Hamna shida, ni kawaida kabisa," Dada Rehema alisema, akaja, akaongeza alama moja ndogo, na kobe akalima ngolo zake zote hadi chini ya shuka. Wageni wakapiga makofi. Sisi wanafunzi hatukupiga. Kwa mwalimu wetu wa hesabu jibu lililofutwa ni jibu lililokosewa, na anayesaidiwa na mkubwa anapewa sifuri. Tulikuwa tumeona kwa macho yetu.

Kesho yake kompyuta zilirudishwa kwenye maboksi. Dada Rehema alilia akituaga, na sisi tukajua analilia nini. Mwalimu mkuu akasema mstarini, "Awamu ya majaribio imekwisha. Tusubiri tuone." Tukasubiri. Wiki zikapita, magunia ya kahawa yakaanza kujaa, na siku moja akatangaza katikati ya matangazo ya kuleta mafagio kwamba kompyuta hazitarudi. Hakusema kwa nini. Hatukuhitaji kuambiwa.

Watoto ni wabaya. Walimpa jina, wakamwita Kosa. "Kosa anakuja." "Kosa, umetufelisha." Ikawa wimbo wa kurukia kamba. Hata wadogo wa darasa la kwanza, ambao hawakuwahi kuingia kwenye darasa lile la kompyuta, waliuimba. Imelda aliacha kuuliza maswali. Mwanzoni niliona ni nafuu, maana alikuwa anachosha, kisha nikaanza kuogopa. Aliketi darasani kama mgeni anayesubiri kuondoka. Mtihani wa darasa la saba aliufanya na akafaulu, akachaguliwa kwenda sekondari, na tulipoambiwa, yeye alisema tu kwamba huenda wamekosea jina.

Jioni ambayo mambo yaliamuliwa, nilikuwa uwanjani nachambua kahawa pamoja naye. Baba yangu alikuwa amevuka kwenda kumsihi kaka yake, na walizungumza barazani bila kushusha sauti.

"Kaka, jina limetoka. Amechaguliwa."

"Wanachagua wengi," baba mkubwa akajibu. "Mimi nimeishia la nne. Watu wametoka chuo kikuu, wamekaa na mtoto, wamempima kwa mashine, wameona hatoshi, wakafunga vitu vyao. Leo mimi niseme anatosha? Kwa elimu ipi?"

"Ile ilikuwa siku moja tu."

"Hukumwona alivyojipiga kifua? Mimi nilimwona. Nikimpeleka akafeli tena atakufa kabisa. Mara moja inatosha."

Mama mkubwa alikuwa jikoni na tulimsikia akilia, lakini hakutoka. Baba yangu akageuka akamwita Imelda, amuulize mwenyewe anataka nini. Imelda hakuinua macho kutoka kwenye kahawa. Akasema, "Siendi, baba mdogo. Waacheni waende wanaoweza." Mwalimu mkuu, ambaye pengine angesema neno, alikwishahamishiwa kwao Singida.

Walimpeleka kwa shangazi yetu Mbamba Bay, akasaidie kuanika usipa, wale dagaa wetu wa ziwani. Alishuka na fuso lililobeba mahindi, ameketi juu ya magunia, na alinipungia mkono mara moja tu kisha akashika kamba. Mwaka uliofuata mimi nilifaulu kwa alama za kawaida na nikapelekwa sekondari bila mjadala wowote. Mimi hakuna mtu wa chuo kikuu aliyewahi kuniita mbele. Sikuwa nimefeli kitu.

Miaka hiyo yote niliamini tulipimwa. Niliamini hivyo nikiwa sekondari, niliamini hivyo nikiwa karani, na sikuwa na sababu ya kufikiri vingine hadi siku ile ya vishikwambi. Niliporudi ndani, kijana wa mifumo aliniona bado nimekunja uso, akadhani naogopa mashine. Akaniambia kwa kunibembeleza, "Usiwe na wasiwasi, mama. Hii ni awamu ya majaribio. Hatuwajaribu ninyi, tunaujaribu mfumo. Ukikuletea kosa, ujue tumekosea sisi."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

"Na tukiuweza vizuri, vinabaki?"

Akacheka. "Aa, mama, hata mkiuweza vipi, majaribio yakiisha tunakusanya. Ndivyo yanavyokuwa siku zote."

Siku zote. Nilikaa kwenye kiti changu nikihisi hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Kijana hana kosa. Daktari naye hakuwa na kosa, alikuwa mtu mwema aliyewaomba radhi akina mama wasiomjua. Alisema neno lake kwa maana yake, akapanda gari. Ningekuwa na mtu wa kumchukia ningelala vizuri.

Jumamosi nikashuka Mbamba Bay. Nilimkuta Imelda ufukweni, kichanja cha usipa mbele yake, anawageuza kwa viganja wakauke pande zote. Amenenepa, ana watoto wakubwa, na watu wa pale wanamheshimu, wanamwita Mama Otmari. Nilimwamkia, tukapeana habari za nyumbani, za baba, za mvua. Kisha nikamweleza. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, nikidhani nimembebea zawadi.

Alicheka kwanza. "Kwa hiyo sikufeli?"

"Hukufeli, dada."

"Na wala sikufaulu."

"Haukuwa mtihani. Walikuwa wanapima vitu vyao."

Aliendelea kugeuza usipa, mstari baada ya mstari, na nilitazama vidole vyake. Harufu ya samaki ilikuwa kali. Alipofika mwisho wa kichanja akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mdogo wangu, mimi nilikuwa nimeshatulia," akasema. "Nilisema, nilipimwa, sikuweza, basi, yangu ni haya. Mtu akifeli anajua kwa nini yuko alipo. Sasa umekuja kuniambia hakukuwa na kitu. Mimi niko hapa kwa nini?"

Nilijaribu kusema kwamba alikuwa na akili kutuzidi wote, akanizuia kwa mkono, kama unavyomzuia mtoto anayetaka kukanyaga samaki.

"Hilo ndilo usiniambie kabisa."

Baadaye alinifungia usipa wa kupeleka nyumbani, na aliponikabidhi hakuuachia mfuko. "Baba bado anasikia vizuri?"

"Macho ndiyo yamekwisha. Kusikia anasikia."

"Usimwambie. Mimi nimeshalisikia, nitaishi nalo. Yeye ataliweka wapi?"

Nilifika Maguu jua linazama, nikapita kwa baba mkubwa na mfuko wangu. Yuko jikoni siku hizi, karibu na moto, baridi yetu haimwachi. Nikaingia nikapiga goti.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka ziwani, nasikia harufu. Mwenzio hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimia sana."

"Ananisema?"

"Hapana, baba. Hakusemi."

Alinyoosha mikono kwenye moto. Nilidhani mazungumzo yamekwisha, nikaanza kuinuka.

"Sikumnyima shule kwa ubaya," akasema. "Mimi nisingeweza kujua. Wenye elimu yao ndio walimpima." Akageuza uso upande niliokuwa nimesimama, macho yake hayanioni, akangoja. Kisha akauliza, polepole, kama mtu ambaye swali hilo amelilalia miaka mingi: "Walimpima, si ndiyo?"

"Ndiyo, baba mkubwa," nikamwambia. "Walimpima."